Mzee Qiu Chuji na Genghis Khan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikigusia stori ya huyu mzee, maswali yanayokuja ni yale yale, alafu kila mtu anajibu lake, mwingine kaona kwenye muvi mwingine kasimuliwa na rafiki. Nimeamua niyaweke pamoja. Mengine nimejibu kwa urefu kwa sababu yananigusa, mengine kifupi tu.

Qiu Chuji ni nani hasa?

Ni mtawa wa dini ya Dao, dini ya kale ya China, alizaliwa 1148 huko Qixia, mkoa wa Shandong, mashariki ya China. Jina lake la kidini ni Changchun. Akiwa kijana mdogo alitoka nyumbani, na 1167 akakutana na Wang Chongyang, mwalimu aliyeanzisha njia inaitwa Quanzhen, yaani Ukweli Kamili. Hawa watawa hawaoi, hawali nyama, hawanywi pombe, wanaishi kwa kuombaomba na kukaa kimya na nafsi zao. Wang alikuwa na wanafunzi saba wakubwa, na Qiu ndo alikuwa mdogo kuliko wote kiumri.

Mwalimu alifariki 1170 mji wa Kaifeng, wanafunzi wanne wakabeba mwili wake hadi kumzika karibu na milima ya Zhongnan, wakakaa matanga ya miaka mitatu. Baada ya hapo Qiu akaenda sehemu inaitwa Panxi akaishi pangoni miaka sita, anakula mlo mmoja kwa siku, nguo yake ni kivazi cha majani kile wakulima wa kule wanavaa kujikinga na mvua, mpaka watu wakamwita Bwana Kivazi cha Majani. Alafu miaka saba mingine milima ya Longmen, maisha yale yale. Jumla 13. Naomba ukumbuke hiyo namba, maana mtu aliyekaa miaka 13 hana kitu, ukimpa ng'ombe na farasi hashtuki.

Genghis Khan alimtakia nini mtawa wa watu?

Dawa ya kutokufa. Ndo hivyo.

Ilikuwa 1219. Genghis kesha kuwa bwana wa Mongolia yote, kaingia kaskazini ya China tangu 1211, kautwaa mji mkuu wa nasaba ya Jin, waliokuwa wakitawala huko kaskazini, 1215 (ndo Beijing ya leo, baadaye wakauita Yanjing), na sasa anaelekea magharibi kupigana na Khwarazm, dola ya Kiislamu ya Asia ya Kati. Umri unaenda, anakaribia miaka 60. Kwenye watu wake alikuwepo Mchina mmoja, Liu Zhonglu, fundi wa dawa na wa mishale inayopiga mluzi, huyu ndo aliyempa habari kwamba Shandong kuna mzee wa Dao ana umri wa miaka 300 na anajua siri za uhai. Mzee alikuwa na miaka 71. Basi Genghis akamtuma Liu na kibao cha dhahabu chenye kichwa cha simbamarara, pamoja na askari 20 wa Kimongolia, na amri kwamba hata ichukue miezi au miaka, mzee aletwe.

Barua ya mwaliko ipo mpaka leo. Genghis anasema Mbingu imeichoka China kwa majivuno na anasa zake, yeye anaishi nyika za kaskazini, anavaa na kula sawa na wachunga ng'ombe na watunza farasi, askari wake anawaona kama ndugu. Lugha ni ya Kichina fasaha, kwahiyo bila shaka karani msomi alikaa akaipanga, ila maneno yanamfaa kabisa mtu wa nyikani anayemwandikia mtu wa pangoni.

Mbona alikataa wafalme wengine akamkubali huyu?

Swali zuri sana hili. Jin walimwita 1216, hakwenda. Song, nasaba iliyotawala kusini ya China, wakamwita 1219, hakwenda. Na si kwamba hakuwahi kuingia ikulu, kwa sababu 1188 alishaitwa na mfalme Shizong wa Jin akaenda, akakaa muda, akarudi zake.

Sasa angalia Shandong ilivyokuwa. Jin wanaporomoka, Wamongolia wanapita wanachoma, waasi wanazuka kila wilaya. Mwaka 1214 hivi jemadari wa Jin alimwomba mzee asaidie kutuliza watu wa Dengzhou na Ninghai, akaenda akaongea nao wakaweka silaha chini. Yaani alikuwa anajua vizuri vita inafanya nini kwa mkulima. Mimi naamini alishaona nani ataitawala kaskazini ya China, na akaona kama kuna mtu wa kwenda kuongea naye ni huyo huyo anayeshika upanga. Mwenyewe alisema kwenda kwake au kutokwenda ni mapenzi ya Mbingu. Kukubali kwake kulikuwa kwa heshima lakini pia mlangoni kuna askari 20, tusijifanye hatuwaoni.

Ni kweli alimgomea mjumbe wa Khan njiani?

Kweli. Alipofika Yanjing 1220 alikuta Liu Zhonglu anataka kuunganisha msafara wake na wasichana waliochaguliwa kupelekwa kwa Khan. Mzee akasema yeye ni mtu wa milimani tu lakini hawezi kusafiri pamoja na wasichana wa haremu. Akaandika pia barua kwa Khan akiomba, kwa uzee wake, aruhusiwe kusubiri mpaka Khan arudi, asimfuate mbali huko. Jibu likaja la heshima sana, ila maana yake ni moja: njoo.

Safari ilikuwaje?

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Alitoka Shandong mwanzoni mwa 1220 na wanafunzi 18. Mmoja wao, Li Zhichang, ndo aliyeandika kumbukumbu ya safari, na karibu kila tunachokijua kimetoka kwake. Mwaka 1221 wakaondoka kaskazini ya China wakaingia Mongolia, kwanza hawakuelekea magharibi bali walizunguka mashariki hadi kambi ya Temüge, mdogo wake Genghis, ndo wakageuza. Wakiwa mto Kerulen, mwezi wa tano, jua likapatwa mchana, giza likaingia mpaka nyota zikaonekana. Mbele ya milima ya Altai wakaacha nyuma nusu ya wanafunzi wajenge hekalu, kwenye mji wa Chinqai, yule afisa wa Khan, wengine wakapanda milima, askari wanavuta magari kwa kamba kupandisha na kufunga magurudumu wakati wa kushuka.

Almaliq walifika wakakuta matunda kama tufaha kila kona, mji wenyewe umepewa jina kutokana na hayo matunda. Wakaona na pamba, Li anaielezea kama manyoya laini ya maua ya mti wa mwerebi, unasokota nyuzi unafuma nguo, kwa mtu wa kwao enzi zile ilikuwa kitu cha kushangaza. Wenyeji nao wakashangaa ndoo za Wachina za kuchotea maji, maana wao walikuwa wanabeba maji kwenye mitungi kichwani, wakasema hawa watu kweli wajanja. Hiki kipande nakipenda sana kwa sababu pande zote mbili zinashangaana bila dharau.

Huko Sayram mwanafunzi wake mkubwa Zhao Jiugu akafariki. Wakamzika hapo hapo, wakaendelea.

Samarkand walifika mwezi wa 12 mwaka 1221. Wamongolia walishapita mwaka uliotangulia. Li anaandika kwamba kabla ya vita mji ulikuwa na kaya zaidi ya 100,000 na sasa imebaki robo tu. Gavana, Yelü Ahai, aliwahi kukaa kwenye jumba la mfalme wa Khwarazm ila akalihama kwa kuogopa majambazi, maana njaa ilikuwa kali, mzee akasema yeye atakaa humo humo. Akakaa. Chakula chake kilichozidi akawa anagawa kwa wenye njaa na kuwapikia uji, na Li anasema wengi walipona kwa uji ule.

Alafu kuna ile ya kupatwa kwa jua. Alikutana Samarkand na mtaalamu wa nyota, akamuuliza mlionaje lile tukio. Jamaa akamwambia huku lilitokea asubuhi na jua likafunikwa sehemu sita tu kwa kumi. Mzee akalinganisha, kule Kerulen lilifunikwa lote na ilikuwa mchana, na huko Altai waliambiwa ni sehemu saba. Akaeleza kwamba ni kama kuziba taa kwa kipepeo cha mkononi, anayekaa kwenye kivuli hasa haoni mwanga, na kadiri unavyosogea pembeni ndo mwanga unaongezeka. Miaka 73, kachoka na safari ya mwaka mzima, kamzika mwanafunzi wake njiani, na bado anakusanya taarifa za jua!

Walipoonana walisema nini?

Walionana mwezi wa tano 1222, kambi ya Khan ikiwa kusini ya mto Amu Darya, milima ya Hindu Kush, Afghanistan ya leo. Genghis akamwambia wafalme wengine walikuita hukwenda, mimi umenijia kutoka mbali hivi, nimefurahi sana. Mzee akajibu kwamba kuja kwake ni mapenzi ya Mbingu. Akakaribishwa akae, chakula kikaletwa.

Alafu Khan akauliza lile lililomfanya amlete: umetoka mbali, una dawa gani ya kunipa niishi milele?

Mzee akasema: njia za kulinda uhai zipo, dawa ya kutokufa haipo.

Fikiria uko kwenye hilo hema. Mwenye kuuliza ni mtu aliyeteketeza miji, na ametumia miaka mitatu na farasi wasiohesabika kukuleta kwa ajili ya hiyo dawa moja. Kulikuwa na waganga wengi China ambao wangetoa kidonge cha zebaki na maneno matamu, wafalme kadhaa wa zamani walikufa kwa vidonge vya namna hiyo. Huyu kasema hakuna. Na Genghis akamsifu kwa ukweli wake, akaamuru mahema mawili yasimikwe mashariki ya hema lake, na kuanzia hapo akawa anamwita Shenxian, yaani mtu mtakatifu asiyekufa. Kwangu mimi uhusiano wote wa baadaye ulijengwa kwenye hilo jibu. Angempa kidonge, angekuwa mganga mmoja kati ya wengi pale kambini na asingesikilizwa kwenye kitu kingine chochote.

Alimfundisha nini, na Khan alisikiliza?

Mafundisho yenyewe yalichelewa kwa sababu vita vilizuka milimani na mzee akarudi Samarkand majira ya joto. Vuli ya 1222 ndo wakakaa usiku, hema limesafishwa, mishumaa inawaka, Yelü Ahai anatafsiri. Khan akaagiza maneno yaandikwe ili yasipotee.

Yaliyomo ni ya kawaida kabisa kwa mtu wa Quanzhen: punguza tamaa, lala peke yako (anamwambia hivyo mtu mwenye wake wengi!), tunza nguvu za mwili, heshimu uhai. Alimwambia pia Shandong na Hebei ni ardhi yenye rutuba, zinatoa nafaka na hariri, weka huko viongozi waadilifu na usiwatoze watu kodi kwa miaka mitatu. Hilo si fundisho la roho tu, huyo ni mzee anawaombea watu wa kwao.

Siku moja Khan akamuuliza kuhusu radi, maana Wamongolia waliiogopa mno, kiangazi walikuwa hawaogi mtoni wala kufua kwa hofu ya kuikasirisha Mbingu. Mzee akasema amesikia kwamba kati ya dhambi 3,000 kubwa kuliko zote ni kutoheshimu wazazi, na radi ni Mbingu inaonya hilo, akamsihi awafundishe watu wake kuheshimu wazazi. Khan akapenda.

Na mwanzoni mwa 1223 Khan akaenda kuwinda, akampiga nguruwe mwitu mkubwa, farasi akajikwaa, Khan chini. Nguruwe akasimama tu pembeni hakumgusa. Mzee akamwambia umri umeenda, punguza kuwinda, kuanguka kwako ni onyo na nguruwe kutokusogea ni ulinzi wa Mbingu. Genghis akajibu najua, ila sisi Wamongolia tumezoea kupanda farasi na kupiga mishale tangu utotoni, hatuwezi kuacha ghafla. Akakaa miezi miwili bila kuwinda. Miezi miwili tu, lakini kwa yule mtu nahesabu kuwa ni nyingi.

Kwahiyo alizuia mauaji ya Wamongolia?

Hapana, na inaniumiza kuona watu wanasambaza hivyo. Mzee yuko kambini, vita vya Khwarazm vinaendelea. Baada ya yeye kuondoka Genghis akaenda kuipiga Xi Xia, ufalme wa Watangut kaskazini-magharibi ya China ya leo. Sentensi moja haikuokoa dunia. Kilichookoa watu ni karatasi, soma swali linalofuata.

Karatasi gani?

Mwezi wa tatu wa kalenda yao, 1223, mzee akaomba ruhusa arudi. Khan akampa ng'ombe na farasi, akakataa, akasema farasi wa vituo vya njiani wanamtosha. Kitu alichopokea ni amri ya kifalme: watawa walio chini ya Qiu wasitozwe kodi wala kupelekwa kazi za lazima. Amri yenyewe inaonya kabisa kwamba atakayejifanya mtawa ili akwepe kodi ashitakiwe. Kwahiyo hata waandishi wake walijua nini kitafuata.

Mzee alifika Yanjing 1224, na baadaye akapewa mamlaka juu ya watawa kwa ujumla. Kaskazini ya China wakati ule mtu wa kawaida alikuwa anaweza kukamatwa akafanywa mtumwa wa askari, na hakuna wa kumshitakia. Mzee akatuma wanafunzi wenye vyeti wazunguke kukusanya watu walionusurika vita. Ukiingia Quanzhen umekingwa. Historia rasmi ya nasaba ya Yuan (Wamongolia waliotawala China), iliyoandikwa baadaye chini ya nasaba ya Ming, inasema waliotoka utumwani wakawa huru na waliokuwa karibu kufa wakapona walikuwa kati ya 20,000 na 30,000. Hao wana majina ambayo hayakuandikwa popote, ila waliishi, wakazaa.

Na Khan hakumsahau. Mwishoni mwa 1223 alimtumia barua fupi, haina mapambo: safari ilikuwaje, farasi na chakula vilikuwa vizuri, maafisa wa njiani wamekuhudumia? Mimi huku nakukumbuka, sijakusahau, na wewe usinisahau. Nimeisoma mara nyingi na bado kila mara inanishangaza nani kaiandika.

Kuna waliompinga?

Ndiyo, na hoja zao ni nzito. Yelü Chucai, mshauri mkubwa wa Wamongolia na mfuasi wa Buddha, walikuwa wote Samarkand wakiandikiana mashairi, ila baadaye akaandika kitabu cha kumlaumu. Anasema kwamba Khan alipomuuliza umri wake, mzee alijibu haujui, wakati anaujua, yaani aliuacha ule uvumi wa miaka 300 uelee. Anasema pia aliomba msamaha wa kodi kwa watawa wa Dao peke yao, wa Buddha hakuwataja, na kwamba watu wake waliteka mahekalu ya wengine.

Hilo la umri linanipa shida kweli, kwa sababu nimetoka kumsifu kwa ukweli. Naona kuhusu dawa alikuwa mkweli moja kwa moja, kuhusu umri alinyamaza mahali ambapo angeweza kusema. Hilo la mahekalu halina utetezi. Mengine yalikuwa magofu yaliyoachwa, mengine hayakuwa magofu.

Baada ya hapo ikawaje?

Quanzhen ikakua kupita kiasi, wengine wameingia kwa imani, wengine kwa kukimbia kodi. Kati ya 1237 na 1244 walichapisha maandiko yote ya Dao, kazi kubwa mno. Li Zhichang, yule yule aliyeandika safari, akawa kiongozi, na 1255 akashindwa mdahalo na watawa wa Buddha mbele ya Möngke Khan, mjukuu wa Genghis. 1258 Khubilai, mdogo wake Möngke, akaandaa mdahalo mwingine, hoja kubwa ikiwa kitabu kinachodai Laozi, mwalimu mkuu wa Dao, alikwenda India akamfundisha Buddha. Wadao wakashindwa tena, 17 kati yao wakanyolewa vichwa wawe watawa wa Buddha, na mahekalu 237 yakarudishwa. 1271 Khubilai akatangaza rasmi jina la nasaba, Yuan, na 1281 akaamuru vitabu vya Dao vichomwe isipokuwa Daodejing, kitabu cha Laozi. Kazi ya miaka saba ikaingia motoni.

Ulinzi uliotoka kwa Khan mmoja uliondolewa na mjukuu wake. Ila cha ajabu, huyo huyo Khubilai mwaka 1269 alimpa marehemu Qiu cheo cha heshima.

Ni kweli walikufa siku moja?

Siku moja hapana, mwezi mmoja ndiyo. Wote wawili walifariki Agosti 1227, Genghis kwenye vita vya Xi Xia, mzee Yanjing. Hawakuonana tena tangu 1223.

Naweza kwenda kuona kaburi lake?

Unaweza, lipo Beijing, hekalu la Baiyun, yaani Wingu Jeupe, bado linafanya kazi na lina watawa. Siku ya 19 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina, ndo siku yake ya kuzaliwa, watu wanajaa. Kwenye ukumbi wake kuna bakuli kubwa sana lililochongwa kwenye mzizi wa mti mkongwe, zawadi ya mfalme wa nasaba ya Qing, na watawa wanasimulia kwamba hekalu likiishiwa chakula wanaruhusiwa kulibeba bakuli hilo hadi ikulu wakaombe, na ikulu lazima ilijaze. Mwili wa mzee upo chini yake.